Mgongo wa Wifi

Miaka miwili Dagny na wifi yake Gurli hawakusemezana, na chanzo chenyewe kilikuwa suruali. Tena suruali ya sanamu! Kila Juni watu wa kisiwa cha Kumlinge husimamisha mlingoti uliopambwa majani, na kileleni huwekwa mtu wa mbao anayezungusha mikono kwa upepo. Mwaka ule Dagny ndiye aliyempaka rangi, na suruali akaipaka ya kahawia. Gurli akatangaza mbele ya kijiji kizima kwamba huyo bwana amejinyea. Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni mumewe Dagny, kaka yake Gurli.

Zamani wawili hao walioga pamoja kila Jumamosi kwenye sauna, kibanda cha mvuke, uchi kama walivyozaliwa, na kabla ya kuvaa kila mmoja alimkagua mwenzake mgongo. Kisiwa kile kina kupe wengi kuliko watu, na mgongo wako huwezi kuuona mwenyewe. Baada ya suruali, kila mtu na sauna yake. Gurli mgongo wake akamwachia Mungu.

Julai moja Dagny alikuwa gatini akisugua mazulia, akamwona Gurli ng'ambo ya kijighuba akiteremka kuogelea. Chini ya bega la kushoto palikuwa na duara jekundu, pana kama kisosi, katikati pamefifia. Hakuhitaji daktari. Hata watoto wa Kumlinge wanalijua duara hilo: kupe ameshiba akakuachia vijidudu vya ugonjwa wa Lyme, kimbilia dawa kabla havijafika kwenye neva.

Akafungua mdomo, akaufunga. Atakayeanza kusema ndiye aliyeshindwa, na yeye kwenye ile suruali hakukosa kitu. Tena si Gurli amechanjwa? Dagny alijua fika kwamba chanjo ile ni ya ugonjwa mwingine wa kupe, ule wa ubongo, na huu haiujui wala hauihusu. Akainama akasugua zulia kana kwamba ndilo lililomtukana.

Siku kumi na nne zikapita. Ndipo mumewe alipoingia akiwa mweupe kama unga, akasema dada yake kapinda uso, upande mmoja umelala, jicho halifumbi, kahawa inamchuruzika kidevuni, na anakataa kwenda kwa daktari. Dagny alishikwa na aibu. Mdomo ule ulimtukana, ndiyo, lakini ndio uliomchekesha miaka thelathini, na kumbe alikuwa ameukosa kuliko alivyokosa kitu kingine chochote.

Akatoka mbio na aproni yake. Akamkuta Gurli jikoni, ameshaamua ni kiharusi, anaandika maagizo ya mazishi: nyimbo tatu, na Dagny asipewe keki.

"Si kiharusi," Dagny akasema. "Ni kupe. Una duara mgongoni. Nililiona."

"Lini?"

"Wiki mbili sasa."

Gurli akamtazama kwa lile jicho lisilofumba. "Nilikuona ukinikodolea, wifi. Nikadhani unayacheka matako yangu."

"Hayo pia," Dagny akasema, akaangua kilio.

Zahanati walimpima damu, wakampa vidonge vya doksisaiklini vya wiki tatu, na matone ya jicho. Gurli akalalamika kwamba yeye alichanjwa. Nesi akashusha pumzi, akaeleza kwa mara ya mia kiangazi kile. Uso ungerudi, akasema, ila polepole. Na siku nyingine wasimpake kupe siagi kama bibi zao: washike kibano chembamba, wambane karibu na ngozi, wamvute moja kwa moja, siku hiyohiyo.

Septemba mdomo ukarudi kamili, na neno lake la kwanza likahusu suruali. Jumamosi ile wakaoga pamoja. Dagny akageuka akaguliwe, akahisi kidole cha Gurli kimesimama kwenye kiuno chake, pale pale, hakisogei.

"Kuna nini?"

Dagny akageuza shingo, asione kitu.

"Gurli, mbona kimya?"

Kisha akasikia nyuma yake mtu akihesabu kwa sauti ya chini, taratibu, bila haraka yoyote: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Kumi na nne, kama siku zako zile," Gurli akasema. "Unaye kupe, wifi. Nipe kibano."