Miungu ya Wamaya Kwenye Barieri

Ibrahim, msafirishaji wa Beni, alizoea kupiga honi kila alipoingia mtaa wa Kimemi, mjini Butembo. Siku ile hakupiga. Alisimamisha pick-up yake mbele ya karakana ya uchongaji, akazunguka upande wa pili, akamfungulia Kasonia mlango taratibu, kama mtu anayemshusha mgonjwa hospitalini. Virginie aliweka msasa chini. Kaka yake alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kuume kifuani, umeviringishwa kitambaa, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vimevimba hadi vikakosa umbo.

"Yaya! Balikufanya nini?" alilia; yaya kwao ni kaka mkubwa.

"Sanamu balizikamata," Kasonia alijibu, kana kwamba hilo ndilo aliloulizwa.

Sanamu zenyewe zilikuwa tatu. Aliyeziagiza ni Rosario, muuguzi wa uzazi aliyeletwa Beni na shirika la misaada kutoka kwao Guatemala, huko Amerika. Kwa kabila yeye ni Mmaya, na aliwahi kuwasimulia kwamba wazee wake waliamini binadamu wa kwanza alifinyangwa kwa unga wa mahindi. Kasonia na dada yake, Wanande waliokuzwa kwa bugali, hawakuona la kushangaza hapo. Rosario alitaka miungu ya bibi zake iwe karibu naye katika kazi. Akawaletea picha, nao wakachonga kwa mti wa libuyu, mwekundu na mgumu: mungu wa mahindi, kijana aliyechipua majani kichwani, Chaak wa mvua, pua ndefu, shoka mkononi, na Ixchel, ajuza wa wakunga, nyoka kichwani, ameinamisha mtungi anamwaga maji. Miili aliichonga Kasonia. Nyuso zilikuwa kazi ya Virginie, maana tangu afiwe na mume alikuwa ameishika patasi hadi ikamzoea, na wateja sasa walimtafuta yeye.

Ilikuwa miaka ile ambapo waasi walitawala miji na Mayi-Mayi walitawala vichaka. Hao Mayi-Mayi, yaani maji-maji, walisemekana kunyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie. Kati ya Butembo na Beni barieri, vizuizi vya waasi barabarani, zilikuwa nyingi kuliko visima.

"Kwenye barieri ya mwisho, mbele ya kufika Beni, askari aliniuliza hii ni nini," Kasonia alisema alipokwisha kuketi. "Nikamuambia, chef, mukubwa, ni miungu ya Maya."

Ibrahim akamalizia. "Akapiga kelele: 'Mayi-Mayi! Anabapelekea Mayi-Mayi fetishi yabo ya uchawi!' Mimi nikasema hapana, chef, Maya haiko Mayi-Mayi, ni batu ya inchi ya mbali. Akaonyesha ule mutungi: 'Na hii mayi anamwanga ni ya nini?' Halafu bakamuuliza ni mukono gani ilichonga. Yeye, mutu wa kweli, akaonyesha. Bakauweka juu ya jiwe, bakaupiga na kitako ya bunduki."

Virginie akauliza, "Na sanamu balizichoma?"

"Hapana. Komanda yabo alisema bazipeleke kwake Beni. Balizifunika na blanketi zisikwaruzike," Ibrahim alijibu.

Hapo ndipo hasira ilipompanda hadi kichwani. Mtu anayeogopa uchawi haufuniki kwa blanketi. Walijua vizuri wamekamata nini. Walijua ni kazi nzuri, wakaitamani, na ili waichukue ilibidi kwanza aliyeichonga awe adui.

Asubuhi alipanda pick-up ya Ibrahim. Njia nzima Ibrahim alimsihi: "Mama, tukifika barieri, unyamaze, juu ya Mungu." Alinyamaza. Jiwe aliliona, kando ya njia, na juu yake askari mmoja alikuwa ameketi anatafuna muwa.

Beni, alimkuta Rosario kwenye wodi ya uzazi, akamweleza yote. Rosario alivua aproni, wakaenda pamoja kwa Komanda Zacharie, nyumba kubwa yenye bureau ya kazi upande mmoja na salon ya wageni upande wa pili. Mlango wa salon ulikuwa wazi. Mungu wa mahindi na Ixchel walikuwa wamesimama kulia na kushoto kwa redio, wamepanguswa vumbi.

Komanda aliweka chini kikombe cha kahawa, akanyanyuka akitabasamu. "Madame Rosario! Mais, mbona hukutuambia ni vitu yako? Batu yangu hawakufahamu, c'est tout, ni hivyo tu." Akaita askari, akawaamuru wazipeleke kwenye gari polepole zisivunjike. "Ile ya shoka nilimupatia rafiki yangu moja, colonel. Lakini hakuna shida, fundi atakuchongea ingine."

"Atachonga na nini?" Virginie aliuliza.

Komanda alimtazama kwa mara ya kwanza. "Huyu ni nani?"

"Dada ya ule fundi. Nakuuliza, atachonga na nini? Na meno?"

"Mama, tuko mu vita. Makosa inafanyikaka."

"Vita haina mikono. Mukono ya yaya yangu ilivunjwa na batu yako, na wewe unajua jina yabo. Umezirudisha sanamu mbele hata kahawa ipoe, juu muzungu amekuja. Kumbe sanamu iko na mwenyewe, na mukono haina mwenyewe?"

Rosario, ambaye ngozi yake ilikuwa ya kahawia, wala si nyeupe, lakini Beni nzima ilimwita muzungu, alimshika kiwiko. "Twende, tafadhali." Virginie alitoka, ila gari hakupanda. Alisimama langoni, pale wanawake wanapopita na vikapu kwenda sokoni, akaanza kusema kwa sauti, kwa Kinande kisha kwa Kiswahili: jina la kaka yake, jiwe, kitako cha bunduki, blanketi, redio. Hakutukana mtu. Alisema tu, akamaliza, akaanza tena.

Mwanamke mmoja alitua kikapu cha nyanya. Mwingine akatua mihogo. Hakuna aliyewaita, lakini katika wanawake wale hakuna ambaye barieri haikuwahi kumnyang'anya kitu. Wakaketi juu ya njia, na lori lililotaka kuingia kwa komanda likakosa pa kupita.

Hatimaye Zacharie alitoka, kofia mkononi. "Fundi hakukuwa na kosa," alisema haraka. "Nimesema. Sasa mwende."

"Na benye balimupiga?" Virginie aliuliza.

Akageuka, akaingia ndani. Askari waliosimama nyuma yake waliangalia viatu vyao. Wanawake walingoja kidogo, kisha wakajitwika vikapu, maana nyanya haziwezi kukaa juani.

Garini Rosario alisema, "Angalau amekiri mbele ya watu."

"Wewe umepata sanamu yako," Virginie alijibu. "Mimi narudi kumukatia yaya yangu bugali. Hawezi kumega mwenyewe."

Juma lililofuata Rosario alipanda hadi Butembo, akavinyoosha vile vidole, akavifunga vizuri kadiri alivyojua. Vitatu vilipona. Viwili vilibaki vimekunjika, na patasi haikukaa tena katika mkono ule. Kasonia akawa anapima mbao na kupokea wateja, na jioni alikuwa mkali kwa kila mtu, jambo ambalo zamani halikuwa tabia yake. Chaak hakuonekana tena.

Kiangazi kilipoanza Ibrahim alileta salamu. Komanda alitaka sanamu nyingine ya shoka. Yule colonel aliipenda mno, akaomba ya pili. Angelipa vizuri.

Kasonia alimtazama dada yake. Virginie aliendelea kusugua ubao.

"Nimuambie uko na kazi mingi?" Ibrahim aliuliza.

"Hapana. Usinitafutie uongo. Muambie nimekataa."

"Mama Virginie, mimi napitaka kwenye barieri yake kila siku."

Alilifikiria hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Akajipangusa mikono.

"Basi usimuambie kitu. Akitaka jibu, akuje hapa mwenyewe. Nitamuambia mbele ya mukono ya yaya."