Mkaza Nyuzi

Swabir aliidharau ile picha tangu siku ya kwanza alipoitia machoni. Ilitundikwa ukumbini mwa hoteli, hapo Diani, kubwa kuliko kitanda cha bwana harusi: Wafaransa wa karne ya kumi na nane wamejitandaza bustanini na mahariri yao, eti wanafanya muziki. Muziki gani? Bibi mmoja ameshika kitabu cha nyimbo, macho yako kwa bwana asiye wake. Bwana mwenyewe anachungulia kifua cha bibi wa pili. Mwenye filimbi anasinzia. Anayesikiliza ni mbwa peke yake. Na katikati yao yupo jamaa na chombo kama udi, mkono juu kwenye vigingi, anakaza nyuzi.

"Karibu miaka mia tatu anakaza," Swabir akamwambia Kadzo, mkaza mwanawe, aliyekuwa mtandika vitanda hapo. "Hajapiga hata wimbo mmoja. Kibaraka mkubwa!"

"Baba, punguza sauti," Kadzo akasema. Yeye ndiye aliyemtafutia nafasi.

Nafasi yenyewe ilikuwa hivi. Griffin, kijana wa bara aliyesimamia burudani, alitaka picha ile iwe hai alasiri ya Alhamisi: wafanyakazi wavae mahariri, wakae bustanini vilevile, wageni wanywe chai wakiwatazama. Swabir angekuwa yule wa katikati, na udi wake mwenyewe, na mwisho angepewa dakika tano apige. Wageni wakipenda, Alhamisi zote ni zake. Naye, tangu harusi za Msambweni zihamie kwenye vinanda vya umeme, alikuwa na miaka sita hajapiga mbele ya watu. Alizitaka Alhamisi hizo mpaka zikamkosesha usingizi, ingawa alikuwa radhi afe kuliko kumwambia mtu.

Siku ilipofika, ofisini walikovalia, Kadzo akamwuliza, "Udi umeutia sawa, baba? Humu mna baridi ya mashine, na huko nje joto; nyuzi zitalegea."

"Nani atajua? Hawa?" Swabir akacheka kwa pua. "Hawa hata ukiwakunia nazi watapiga makofi."

Akavikwa nywele za bandia, kisibau cha waridi, na soksi mpaka magotini. Lahaula! Mtu wa umri wake, soksi! Christabel wa mapokezi akapewa kitabu cha nyimbo. Timothy mpishi akapewa filimbi asiyojua hata upande wa kupuliza. Wageni wakapiga picha, wakala keki, wakageuziana migongo. Swabir akawadharau mmoja mmoja, kwa zamu, bila kumruka mtu.

"Mzee, sasa ni wewe," Griffin akanong'ona. "Dakika tano. We relax tu."

Akainua risha ya kupigia. Ndipo alipomwona ajuza mmoja wa kizungu ameweka kikombe chini, amefumba macho, ameinamisha sikio. Swabir aliujua mkao ule. Hivyo ndivyo walivyokaa watu wazima wa Msambweni zamani, bashrafu ya kufungulia taarab ikianza. Huyu alikuwa anasikiliza!

Akagusa uzi wa kwanza. Umelegea. Wa pili umelegea zaidi. Angekuwa hana msikilizaji angepiga hivyo hivyo, potelea mbali. Lakini kwa sikio lile, la, hakuthubutu. Akakaza. Kigingi kikateleza. Akakaza tena, jasho likimchuruzika chini ya yale manywele. Uzi mmoja ukikubali, jirani yake ananuna. Kule ukingoni Kadzo alikuwa amejiziba mdomo. Ajuza akangoja, akangoja, kisha akafumbua macho, akachukua mkoba wake, akaenda zake taratibu.

Hapo nyuzi zikakubaliana. Na hapo hapo dakika tano zikaisha, Griffin akapiga makofi, na wageni wote wakapiga.

"Mzee, umeua! Ni kama kwa picha kabisa!" Griffin alikuwa anarukaruka. "Alhamisi zote ni zako. Lakini usipige, sawa? Ukaze tu, vile umekaza leo."

Swabir akafungua mdomo amtukane. Matusi aliyokuwa nayo yangetosha hoteli nzima na wageni wake.

"Nije saa ngapi?" akauliza.

Akitoka, akapita ukumbini, udi kwapani. Yule jamaa alikuwa palepale, mkono juu. Swabir akasimama mbele yake.

"Shikamoo," akamwambia.