Nyuzi Zisizopigwa

Tiki-tiki-tiki, kama mjusi anayekimbia juu ya bati. Huo ndio ulikuwa mlio wa nyumba yetu kabla ya alfajiri kwa miezi minane. Ulitoka chumba cha pili, ambako mjukuu wangu alikaa ukingoni mwa kitanda na gitaa la umeme mapajani, bila kulichomeka popote. Gitaa la umeme lisipochomekwa halina sauti ya maana. Nyuzi hulia kwa ndani, kama mtu anayesema na mswaki mdomoni. Nami nilikuwa macho, nimetulia tuli, sigeuki hata ubavu, kitanda kisije kikalia akajua nimeamka, akaacha.

Mjukuu huyu wa kike tunamwita Kiherehere, na jina limemkaa. Ana miaka ishirini na mitatu, anapiga pasi kwenye duka la dobi, na hata pasi anaipiga amesimama kwa mguu mmoja. Alitaka jambo moja tu: kupiga solo kwenye bendi. Hakutaka rizimu, lile gitaa la kushikilia wimbo kwa nyuma. Alitaka solo, gitaa la mbele linalojibizana na mwimbaji. Bendi ya mtaa wa pili ilikuwa imeondokewa na mpiga solo wake, na kiongozi wao, mama mmoja mnene ambaye ndiye mwimbaji, alitangaza kwamba Jumamosi saa tisa mchana atawasikiliza wanaoitaka nafasi hiyo.

Habari zilitufikia Jumapili. Jioni yote Kiherehere alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anakaa, anainuka, anafungua simu kutazama watu wanaopiga gitaa kwa kasi, anaifunga, anaifungua tena.

"Bibi, nina kasi ya kutosha?"

"Mimi na kasi ya gitaa wapi na wapi? Niulize ya cherehani."

"Sema tu, mke mwenzangu."

"Vidole vinakimbia. Vinakokwenda ndiko nisikokujua."

Alicheka, lakini usiku sikumsikia akilala. Kwa hiyo Jumatatu alipotoka kazini nikampeleka kwa fundi redio wa kona. Watu wengi wanamjua kwa redio, ila sisi wa zamani tunajua kwamba kabla ya mambo ya waya alipiga solo miaka kumi na tisa. Kibanda chake kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo, na spika kubwa iko mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Chomeka," akasema.

Kiherehere akachomeka, akaanza mbio zake. Mama yangu wee. Kila sauti moja aliyoipiga, nyingine tano zilipiga kelele nyuma yake. Mpita njia mmoja aliziba masikio akaendelea na safari yake. Mjukuu wangu akasimama katikati, jasho linamtoka.

"Nani kakufundisha?" Fundi akauliza.

"Simu."

"Simu inasema, haisikii. Mazoezi unafanyia wapi?"

"Chumbani."

"Na spika?"

"Huwa sichomeki. Bibi anakuwa amelala."

Fundi akaweka chini kile chuma chake cha kuchomelea, akanigeukia. "Mama, huwa umelala?"

Nikaona haya. "Saa kumi huwa niko macho."

"Miezi yote minane?" Kiherehere akauliza.

"Nilikaa kimya usije ukaacha."

Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati. "Mmefichana wema, mkaharibu kazi," akasema. Kisha akamweleza taratibu, bila kumdhihaki. Anayefanya mazoezi bila kuchomeka hupiga kwa nguvu ili ajisikie mwenyewe, na hazisikii nyuzi asizozipiga, nazo zinatikisika tu. Siku ya kuchomeka ndipo zinapomwaibisha. "Nusu ya solo ni kuzinyamazisha hizo. Kiganja cha kulia kilaze juu ya nyuzi nene. Kidole cha kushoto kiziguse nyembamba, kama unamziba mtoto mdomo asimwamshe mwenzake."

"Siku tano zitatosha?"

"Hazitoshi. Lakini Jumamosi nayo haitusubiri."

Mjukuu wangu alitaka afundishwe mikogo, hasa ile ya kuvuta uzi mpaka ulie kama paka. Fundi akamwambia aimbe kwanza. Yeye mwenyewe hashiki tena gitaa, kwani vidole vyake vya kushoto vimekakamaa, hata kikombe anakishika kwa mikono miwili. Kilichobaki ni mdomo. Aliimba kipande kifupi, la-la-laa, Kiherehere akatakiwa kukiimba vilevile, ndipo akipige.

"Mimi si mwimbaji, Babu."

"Kisichopita mdomoni, kidole kitakijulia wapi?"

Alimwazima spika ndogo. Jioni ile ile nikaenda kwa jirani yetu muuguzi, anayefanya kazi za usiku, kumwomba radhi mapema. Akasema, "Mama, mimi nafika saa kumi na mbili asubuhi. Apige mpaka nifike." Na Jumatano nilimkuta ameketi kizingitini kwake, viatu mkononi, anangoja Kiherehere amalize. Hakugonga wala hakukohoa.

Jioni kazi ilikuwa yangu. Nilikunja nguo nikiimba nyimbo za zamani, naye ajibu kwa gitaa pale tu mstari unapoisha. Hapo ndipo tulipogombana.

"Sijamaliza."

"Umemaliza, Bibi."

"Nilikuwa navuta pumzi. Kwani wewe unaimba chini ya maji?"

Alhamisi akakitupa kile kiplastiki cha kupigia. "Siendi popote. Nimekuwa mbaya kuliko Jumapili."

"Jumapili ulikuwa hivi hivi, mwanangu. Ulikuwa hujisikii tu."

Akatoka nje, akazunguka nyumba mara tatu, nikihesabu hatua zake dirishani. Aliporudi akakitafuta kiplastiki chini ya kabati, akaanza upya, polepole sana, hadi nikasahau nguo mkononi.

Jumamosi walifika watatu ukumbini. Wa kwanza, kijana mwenye kofia, alipiga kama mvua ya mawe, wakampigia makofi. Wa pili alikatikiwa na uzi, akaomba radhi, akaondoka. Zamu ya Kiherehere ilipofika, alipita mbele, nami nikimtazama kutoka kiti cha nyuma. Alichomeka. Kiganja kikawa tayari juu ya nyuzi, na spika ya ukumbini haikutoa hata mkoromo.

Kiongozi akaimba mstari wa kwanza. Kiherehere akaingia mapema. Yule mama akamtupia jicho, jicho ambalo hata mimi lilinifikia. Mstari wa pili alingoja mpaka nikashika ukingo wa kiti. Kisha akapiga sauti nne tu. Ya nne aliivuta, ikapungua kidogo, akaisukuma mpaka ikafika mahali pake. Nyuma yake hapakuwa na kelele yoyote. Nikaona mpiga ngoma akiinamisha kichwa taratibu kukubali, na nikampenda kwa hilo.

Walipomaliza, kiongozi akauliza, "Nyimbo zetu ni ishirini na sita. Wewe unajua ngapi?"

"Mbili, Mama."

"Basi solo nampa mwenye kofia, anazijua zote. Wewe nakutaka kwenye rizimu. Ila hizo mbili, solo utapiga wewe, maana mwenzako ananipigia gitaa hata mstari sijamaliza."

Kiherehere akaitikia vizuri, akashukuru, na hakulia. Njiani alitembea kwa kasi mpaka nikamwambia mimi si baiskeli. Akanishika mkono, akapunguza mwendo, baada ya hatua kumi akasahau tena.

Fundi alikuwa anafunga redio ya mtu. Kiherehere akamwambia yote kwa pumzi moja, halafu akaongeza, "Rizimu, Babu. Rizimu."

"Na mbili za solo."

"Mbili kati ya ishirini na sita."

"Mimi nilianza na moja, na bibi harusi aliomba iishe upesi."

Kiherehere akacheka bila kutaka. Kisha akaanza kuhangaika tena, mguu huu, mguu ule. Ipi iwe ya tatu? Aanze na ile ndefu? Je, leo hii haiwezekani? Fundi akamwonyesha redio tatu ambazo wenyewe wangezifuata kabla ya jua kutua. Akatazama vidole vyake vilivyokakamaa, akanitazama mimi.

"Kesho sifungui," akasema, "lakini huwa nipo hapa nyuma, peke yangu. Njooni asubuhi tuianze hiyo ya tatu. Na hata huyu akichelewa, Mama, wewe njoo."