Mkojo Safi wa Bosi

Kwenye maabara ile ya kupima kama wanariadha wametumia dawa za kuongeza nguvu, wenye mkojo walijulikana kwa namba za chupa tu, lakini visingizio vyao vilijulikana vyote. Wakati wa chai bosi aliviigiza kwa sauti ya kilio: "Jamani, ni dawa ya kikohozi! Ni nyama niliyolishwa harusini! Ni uji wa mama mkwe!" Mkemia, msichana aliyesimamia mashine ya kupimia, alicheka mpaka chai ikampalia.

Siku ya mkaguzi hakucheka mtu. Yeye ndiye angeamua kama maabara ipewe ithibati, yaani majibu yake yaaminike popote wanapokimbia watu. Wakiikosa, chupa zitapelekwa nchi nyingine na wao wataenda kutafuta kazi ya kupima chumvi kwenye sufuria za nyumbani.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba, miwani ikining'inia kifuani, asiye na haraka hata kidogo.

"Tuanze na mkojo safi," akasema.

Mkojo safi ni ule usio na dawa yoyote. Unatangulia kupimwa ili ijulikane mashine haisingizii watu. Pale ulitoka kwa bosi miaka yote, na hakukubali mwingine amsaidie. "Humu ndani," alipenda kusema akijipiga tumbo, "ni maji ya chemchemi."

Mkemia akafungua friza.

"Hiyo iliyoganda siitaki," mkaguzi akasema. "Nataka ya leo."

Bosi akakohoa. "Leo nimeshakwenda, mama."

"Kunywa maji, baba. Nitasubiri."

Akanywa, glasi baada ya glasi. Alipoelekea chooni, mkaguzi alimtuma dereva wake akasimame naye humohumo, kama wanavyofanyiwa wanariadha. Bosi alirudi na chupa mbili, moja ya kupimwa na moja ya akiba ya kuhakikisha, akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Mashine ikanguruma. Mkemia akakodolea kioo macho. Mstari uliotakiwa kulala kama mkeka ulisimama mlima mzima: homoni ya kujaza misuli. Hapo ndipo akaielewa ile mikono ya bosi iliyokuwa ikivimba ndani ya koti jeupe, mwenyewe akidai ni kubeba ndoo za maji nyumbani.

"Binti yangu," bosi akasema huku jicho moja likimkonyeza, "mashine hii si ilitusumbua jana?"

Mkemia akisema ndiyo, ithibati imekwenda na maji. Akisema hapana, bosi ndiye amekwenda na maji, na bosi ndiye anayemtilia sahihi likizo.

"Haikusumbua, bosi. Haina hata mafua."

"Basi ni dawa ya kikohozi!" bosi akasema. "Au nyama. Jumamosi nilikula nyama, hata sijui ilitoka wapi."

Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akaguna. "Bado uji wa mama mkwe."

"Chupa ya pili!" bosi akapaza sauti. "Ni haki yangu! Ifunguliwe ya pili!"

Ikafunguliwa. Mlima uleule, umesimama palepale.

Mkaguzi akavaa miwani. "Ama mashine ni mwongo, ama mwenye mkojo. Nimwandike nani?"

Bosi akaitazama mashine aliyoipigania miaka, kisha nyuso za vijana wake zilizokuwa zikimwangalia kama watoto wanaongoja kugawiwa chakula. Akashusha pumzi.

"Mashine ni nzima. Niandike mimi. Ni sindano za pale gym." Akajikuna shingo. "Mke wangu alinipa chupa ya jamu nifungue, ikanishinda. Akamwita jirani. Huyo akaifungua huku anaongea na simu!"

Mkemia akauma mkono wa koti lake. Mkaguzi aligeukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko, na alichukua muda kurudi.

Ithibati ikatoka, kwa sharti kwamba bosi asiisogelee chupa ya mkojo safi. Yeye alipata karipio kali, na kwa kuwa hajawahi kushinda mbio zozote, hakukuwa na medali ya kumvua.

Siku hizi mkojo safi unatoka kwa mama wa usafi. Kila akipita koridoni na chupa yake, hata bosi akiwa na wageni, humwambia bila kupunguza mwendo:

"Pisha, baba. Ithibati inapita."