Risasi Ishirini na Sita za Bohdana

Alhamisi mchana Bohdana Skoumalová alifungua kabati la chuma la klabu yao ya shabaha, akakuta maboksi yake matano ya risasi yamebaki moja, na risasi sita zinagaragara kwenye la pili. Akahesabu. Akahesabu tena, maana kazi yake ilikuwa upimaji wa ardhi na hakuamini kipimo cha mara moja. Ishirini na sita. Jumamosi iliyopita aliziacha mia kamili.

Hakuwa na haja ya kuuliza nani kazichukua. Funguo za kabati lile zilikuwa mbili tu, mmoja wake na mwingine wa kaka yake Ctibor.

Alikaa kwenye benchi, akalitazama lile boksi kama mtu anayetazama gari lake lililogongwa likiwa limeegeshwa. Miezi miwili alikuwa amezitafuta risasi zile. Kila Jumamosi, mvua au jua, alilala kifudifudi kwenye uwanja wa klabu, kule nyuma ya mashamba ya mizabibu, akijaribu aina moja baada ya nyingine. Alijaribu saba. Zile nyepesi za gramu tatu na nusu zilikuwa nzuri kwa karibu: hazirudishi bunduki nyuma sana, kwa hiyo unaweza kupiga haraka haraka bila kupoteza shabaha. Lakini zikifika mita mia tano, upepo unazichezea kama maganda ya vitunguu. Za gramu tano ndizo za mbali, nzito na ndefu, ila si kila bunduki inazipenda, na hata inayozipenda inachagua. Aina moja, kiwanda kimoja, fungu la mwezi huu linatua mahali padogo kama kisahani, la mwezi ujao linatapakaa kama mbegu za kupanda. Alipopata fungu lililotulia alinunua maboksi yote matano yaliyokuwa dukani, akaandika namba yake kwenye daftari, akaipigia mstari.

Ctibor alimcheka muda wote huo. Yeye alikuwa fundi wa mabasi mstaafu, mfuga nyuki, na bingwa wa wilaya wa miaka ile ambayo, kwa maneno yake, watu walipiga shabaha badala ya kusoma maboksi. Kwake risasi ni risasi. Ikitoka mbele ya mtutu na si nyuma, inatosha.

Bohdana aliendesha gari hadi kijijini kwa kaka yake. Alimkuta katikati ya mizinga ya nyuki, wavu usoni, akijifanya hamwoni. Alimwita mara tatu kabla hajageuka.

"Kaka, risasi zangu sabini na nne ziko wapi?"

"Nimezipiga," akasema Ctibor. "Nzuri. Hongera kwa kuchagua."

"Umezipigia nini?"

"Vibao."

"Vibao vipi?"

"Vile vya mita mia. Nilikuwa najaribu kitu."

Kutumia risasi za mbali kwa vibao vya mita mia ni kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mchuzi wa jioni moja. Bohdana alimwambia hivyo, na mengine pia, na Ctibor alisikiliza yote huku akifukiza moshi kwenye mzinga ambao wala haukuhitaji moshi. Alipomuuliza ni kitu gani hicho alichokuwa akijaribu, alijibu tu kwamba ni mambo yake. Mwisho akamshauri aende mjini Brno akanunue nyingine, dunia haijaishiwa.

Ijumaa asubuhi alikwenda Brno. Muuzaji alimpa boksi la kiwanda kilekile, uzito uleule, rangi ileile, na namba nyingine ya fungu. Bohdana alieleza tatizo lake taratibu, kama anavyowaeleza wakulima kwamba uzio wao umeingia kwa jirani. Muuzaji alisema ni zilezile, mama. Alieleza tena. Muuzaji alisema tena ni zilezile, safari hii akiwa anamtazama mteja aliyekuwa nyuma yake. Bohdana alinunua boksi moja, akaenda nalo moja kwa moja uwanjani. Risasi tano za kwanza zilitua chini kushoto, zimeachana kiasi cha kupitisha kofia katikati. Tano za pili zilitua popote zilipopenda. Aliokota maganda, akayatia mfukoni, akarudi garini.

Basi akafanya hesabu ya mtu asiye na hiari. Mashindano ya Jumamosi, ambayo yeye na Ctibor walijiandikisha kama timu, yalikuwa ya wawili wawili, na kila mmoja hupiga sehemu zote mbili. Ya karibu ni vibao thelathini, kwa kushindana na saa. Huko zitatumika zile nyepesi. Ya mbali, mita mia tano, kila mtu tatu za majaribio na kumi za kuhesabiwa. Kumi na tatu mara mbili ni ishirini na sita. Zilitosha, bila hata moja ya ziada. Kwa sekunde chache alifikiria kuzichukua zote na kumwachia Ctibor yale matapishi ya Brno. Lakini pointi zilikuwa za timu.

Siku ya mashindano ilikuwa na jua na upepo mdogo kutoka kulia. Watu walishaanza kupanga foleni ya supu ya kabichi chachu kabla ya saa nne. Bohdana alimkabidhi kaka yake boksi lenye risasi kumi na tatu, lililofungwa kwa utepe wa njano, akamwambia kama anavyoambiwa mtoto anayetumwa dukani: hizi za mbali, zile za karibu, usichanganye. Ctibor akasema yeye alishika bunduki wakati Bohdana bado anashika nyonyo.

Sehemu ya karibu ilikwenda si vibaya. Bohdana aliangusha vibao vyote thelathini. Ctibor aliacha vinne, jambo ambalo Bohdana hakukumbuka kulishuhudia maishani, na alipomtazama kwa mshangao kaka yake alisema jua lilikuwa machoni. Jua lilikuwa mgongoni. Mchana Bohdana alipiga sehemu yake ya mbali, kumi kati ya kumi, na zile risasi zikamfurahisha na kumtia uchungu kwa pamoja.

Ikafika zamu ya Ctibor. Sheria ilimruhusu mwenzi kukaa pembeni na darubini na kusema anachokiona, ila asiguse bunduki wala risasi, wala asimchagulie. Na saa ikishaanza, mpigaji anatumia zile kumi alizopakia tu, hachukui nyingine. Bohdana alipiga goti. Kibao kilikuwa cheupe, upana wa sahani kubwa ya nyama, mbele ya tuta la udongo mweusi. Risasi za majaribio zilianza: ya kwanza ilipata, ya pili ikaruka juu kushoto, ya tatu ikapata. Alidhani ni upepo, ingawa vibendera vilikuwa vimetulia. Mwamuzi, mama mmoja mnene aitwaye Radana, akabonyeza saa. Dakika sita, risasi kumi.

Ya kwanza ikapata. Ya pili, juu kushoto. Ya tatu, mahali palepale juu kushoto.

Bohdana alishusha macho kutoka kwenye darubini ili avute pumzi asije akasema neno la kumfukuzisha uwanjani. Hapo ndipo alipoyaona maganda kwenye turubai. Baadhi yalikuwa na duara jekundu kitakoni. Mengine hayakuwa nalo. Zile nzito hazikuwa na rangi yoyote. Jekundu lilikuwa la zile nyepesi.

"Ctibor, simama," alisema. "Umechanganya."

"Sijachanganya."

"Boksi langu ulilifanya nini?"

Alikuwa amezimimina mfukoni, kwa sababu boksi linapiga kelele akitembea. Mfuko uleule uliokuwa na masalia ya asubuhi. Bohdana alifumba macho. Miezi miwili, aina saba, daftari zima, na mwisho wa yote mzee mmoja anatembea na mfuko.

"Toa magazini," alisema. "Zimwage kwenye turubai, uzitenge. Nyepesi ncha yake imefungwa, nzito ina tundu. Haraka."

Ctibor alitoa magazini, akamwaga risasi saba zilizobaki ndani. Kisha akabaki amezitazama. Radana alitangaza zimebaki dakika nne. Ctibor aliinua moja, akaisogeza puani, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Kaka, unangoja nini?"

Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na mzaha.

"Sizioni, mdogo wangu."

Bohdana hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa yote kwa mpigo mmoja: vibao vinne vya asubuhi, wavu wa nyuki ambao siku hizi hauvuliwi hata nje ya mizinga, risasi sabini na nne. Ctibor alisema kwa haraka, huku akiangalia turubai, kwamba jicho la kulia lilianza kufanya ukungu tangu Pasaka. Alizichukua risasi za Bohdana kwa sababu alijua hizo hazikosei. Alitaka kujua kama kosa ni la risasi au ni lake.

"Na jibu ukapata lini?"

"Boksi la kwanza."

"Na zile hamsini na nne nyingine ulipigia nini?"

"Nilikuwa sijaridhika na jibu."

Angeweza kulia, angeweza kumpiga kwa darubini. Dakika tatu na nusu. Bohdana alitazama mikono ya kaka yake, ile mikono iliyofungua na kufunga injini za mabasi gizani chini ya magari kwa miaka thelathini na minane.

"Acha macho," alisema. "Tumia kidole."

Ctibor alipitisha ncha ya kidole gumba juu ya risasi ya kwanza. Akaiweka kulia. Ya pili kulia. Ya tatu kushoto. Alizimaliza zote saba kwa muda wa kusema jina lake na la baba yake: tatu nzito, nne nyepesi. Alipakia nzito tatu, akalala, na Bohdana akamwongoza kwenye ule weupe wenye ukungu. Kushoto kidogo. Hapo. Zote tatu zikalia kwenye chuma.

Nzito saba zilikuwa bado mfukoni, haziruhusiwi tena; sasa zikabaki nyepesi, na kwa nyepesi Bohdana alikuwa na daftari. Majaribio yote yale aliyochekewa yalikuwa humo: kwa mita mia tano, upepo wa namna hii, zinapanda kiganja kimoja juu na kusukumwa kushoto zaidi kuliko nzito. Alimwambia azungushe kifundo cha darubini ya bunduki, kinacholia kila kikisogea hatua, milio minne chini, cha pembeni milio mitano kulia. Ctibor hakutazama namba, alihesabu milio kwa vidole. Ya kwanza ikapata. Ya pili ikapita pembeni, kwa sababu risasi nyepesi ndivyo zilivyo. Ya tatu ikapata. Ya nne akaichelewesha mpaka Bohdana akaanza kuhesabu sekunde huku akisaga meno, ikapata ukingoni, na Radana akasimamisha saa.

Saba kati ya kumi. Timu yao ilishika nafasi ya nne, na nafasi ya nne haina hata cheti.

Bohdana alitarajia kwamba baada ya hayo kaka yake angekaa kimya japo kwa adabu. Ctibor alichukua bia yake, akaketi kwenye meza ndefu pamoja na wenzake wa zamani, akawaeleza kwamba amepiga mita mia tano kwa risasi nyepesi za kawaida, tatu kati ya nne, na kwamba amekuwa akisema miaka yote kuwa risasi ni risasi. Wazee wakagonga meza kwa furaha.

Bohdana aliketi mbele yake na bakuli lake la supu.

"Jumanne nakupeleka kwa daktari wa macho," alisema. "Huo ni mtoto wa jicho. Unatolewa kwa robo saa."

"Jumanne navuna asali."

"Jumatano."

"Jumatano daktari yule wa kike hayupo, na yule mwingine simpendi. Ana mikono ya mpiga kinanda."

Kumbe zamu za madaktari alishakwenda kuziulizia. Bohdana alichota supu, akanywa, akachota tena. Kisha alitoa simu, na mbele ya kaka yake na wazee wote wale akaanza kutafuta namba ya hospitali.