Kumi na Nne Hajala

Asubuhi ya safari mshonaji alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini tano mdomoni, akishonea nati za chuma kwenye pindo la gauni la mdogo wake, Kitinda. Alianza na nati kumi na mbili. Kitinda bado alielea kidogo, kiasi cha fagio kupita chini ya nyayo zake, basi akaongezewa nne, akatua.

Jinsi Kitinda na Dereva walivyotoroka kwenye Taasisi, walikofungiwa wajaribiwe dawa, mtaa mzima ulishajua. Habari hiyo ilisimuliwa saluni na kutiwa chumvi ya kutosha. Sasa kilichobaki ni wao wawili kufika mbali. Dawa za miaka sita zilikuwa zimemwondolea Kitinda uzito wote. Dereva, aliyeendesha malori kabla hajachukuliwa, yeye alipita kwenye kuta za matofali. Milango ilimshinda. Mlangoni alibisha hodi kama watu wengine.

Hayo yalikuwa mambo madogo. Kilichomkosesha mshonaji raha ni kwamba Taasisi haikuwahi kuandika majina ya watu wake wala kuwapiga picha. Iliandika namba tu. Kwa hiyo wanaume wawili wenye makoti ya kijivu waliotumwa kuwasaka hawakujua wanatafuta sura gani. Walizunguka mjini wakiita namba, wasikie nani ataitika. Na Kitinda alikuwa anaitika. Ukisema kumi na nne, hata awe usingizini, alikunja mkono wa nguo na kujibu, "Sijala chochote." Kule damu ilichukuliwa kabla ya chai, na hilo ndilo jibu walilofundishwa.

Siku tatu dada yake alimfundisha upya. Alimwita kwa jina alilopewa na bibi yao, na Kitinda akawa anageuka kwa kuchelewa, kana kwamba ameitwa mtu wa nyuma yake. Alimwita kumi na nne, naye akajifunza kuuma mdomo. Mara ya kwanza aliponyamaza kabisa, dada mtu alilia kwa furaha, akabandika chai.

Walifika kituoni pamoja na Dereva saa tatu kasoro robo. Mshonaji hakuwa mjinga. Alikuwa amewakatia tiketi za viti namba ishirini na ishirini na moja. Alifurahi, maana kufikia saa sita wangekuwa wameshavuka mpaka. Alichosahau ni kwamba karani wa basi huita abiria wote, kuanzia kiti cha kwanza. Wenye makoti ya kijivu hawakusahau. Walikuwa wamekaa kwenye benchi, daftari magotini, wakipumzisha makoo yao na kumwachia karani kazi.

Kiti cha kumi na nne kilikuwa cha mzee mmoja mnene mwenye masanduku mawili na masikio mazito. Karani aliita. Kitinda akauma mdomo. Karani akaita tena, na tone la damu likamtiririka Kitinda kidevuni. Mara ya tatu karani akapaza sauti.

"Sijala chochote," akasema Kitinda, mkono wa gauni umeshakunjwa hadi kiwikoni.

"Kula ni juu yako, dada," karani akamjibu. "Mimi naita viti."

Wenye makoti wakasimama. Mshonaji hakungoja. Alichomoa mkasi, akafyeka pindo, nati zikamwagika, na Kitinda akapaa. Alipofika usawa wa mizigo iliyofungwa juu ya basi, mwanamke mmoja alimwomba asogee kidogo, anamzibia jua. Uzi wa pindo ulikuwa ukifumuka nyuma yake. Dereva akaudaka, akauzungusha kiganjani, akatimua mbio moja kwa moja kwenye ukuta wa ofisi ya tiketi.

Akaupita. Akapita stoo, akapita duka la simenti, akapita chumba cha mtu aliyekuwa akipiga pasi, akamsalimu, uzi nao ukipita pamoja naye. Juu ya mapaa Kitinda alimfuata, gauni limejaa upepo, akicheka. Mshonaji hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa miaka sita. Alijikuta anarukaruka katikati ya kituo, akimwita kwa jina, na safari hii Kitinda aligeuka papo hapo, akampungia. Mmoja wa wenye makoti alizunguka nyumba ya kwanza akikimbia, akazunguka ya pili, kwenye ya tatu akakaa chini kuvuta pumzi.

Mwenzake hakukimbia. Alifungua daftari, akaikata namba kumi na nne kwa rula, akaiandika upya chini yake, na kuacha mbele yake nafasi ya mtu mpya. Kisha akautazama mstari wa abiria, akauliza kwa upole kama kuna aliyetoka nyumbani bila kula, kwani kwao chai ni bure kila siku.

Watu wanne wakanyoosha mikono.

Mshonaji akawaendea mbio. Akawaeleza yote: sindano, miaka sita, nati kwenye pindo. Wa kwanza kati yao alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Tumekuelewa, dada," akasema. "Ila usituzibie riziki."