Mwalimu Breki Atafuta wa Kumsikiliza

Mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake walimpachika jina la Breki alikuwa na siri nzito kwa mtu wa kazi yake: aliogopa mzunguko. Mzunguko wenyewe ulikuwa katikati ya mji, pale njia nne zinapokutana na magari yote kuizunguka bustani ndogo yenye maua yaliyokauka, kabla ya kila moja kushika njia yake.

Yote yalianza siku aliyokuwa akimfundisha mshona viatu mmoja, mtu mpole asiyependa kumbughudhi mwenzake. Mshona viatu aliingia mzungukoni vizuri tu, ila kutoka kukamshinda. Kila alipokaribia njia ya kutokea, alimwona dereva mwingine na kusema, "Tumpishe kwanza huyu." Wakampisha huyo, wakampisha na yule, wakazunguka na kuzunguka tena, mpaka muuza magazeti wa pembeni akaanza kuwapungia mkono kama jamaa zake. Breki alihisi moyo unamwenda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, na wazo moja likamvaa: humu hatutoki. Aliwaona kabisa watoto wake wakiletwa siku za mapumziko kumtazama baba yao akipita.

Walitoka, maana mshona viatu alipiga chafya, usukani ukapinda, na gari likajitoa lenyewe. Lakini wazo lile halikutoka. Tangu siku hiyo Breki alifundisha kila kitu isipokuwa mzunguko. Wanafunzi wake wakawa hodari wa kuegesha, kurudi nyuma na kupanda kilima, huku mzunguko wakiujua kwa mchoro wa ubaoni. Waliouliza aliwaambia hilo ni somo la juu.

Aliyemuumbua ni mkunga mmoja, mwanamke wa makamo aliyekwisha kupokea nusu ya mji kwa mikono yake na ambaye hakuwa na subira na watu wazima.

"Mwalimu, mtihani umekaribia. Leo twende mzungukoni."

"Leo kuna foleni, mama."

"Saa nne hii asubuhi?"

"Foleni ya jana haijaisha."

Mkunga aliwasha taa ya ishara, akakata kona kuelekea mjini. Walipofika mahali ambapo bustani ile ilianza kuonekana kwa mbali, Breki alikanyaga breki ya upande wake, ile ya mwalimu, kwa miguu yote miwili. Gari likazimika katikati ya barabara. Nyuma yao honi zikaanza kulia. Mkunga alimgeukia, akamtazama kama alivyozoea kuwatazama akina baba wanaozimia kwenye korido ya wodi ya wazazi.

"Pumua, mwalimu. Taratibu. Usisukume."

Alipopata rangi yake, Breki alimweleza yote, na mshona viatu ndani yake. Mkunga hakucheka, au kama alicheka, alicheka akitazama kioo cha pembeni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Hii ina tiba. Kuna washauri wa tiba ya fikra na tabia. Wanakuuliza unawaza nini, halafu mnalijaribu hilo wazo lako mwone kama lina ukweli. Siku hizi unawapata hata kwenye simu. Ila chagua vizuri. Mshauri ni kama kiatu, kinachomkaa mwenzio kinaweza kukutoa wewe malengelenge."

Nyumbani kwa Breki hapakuwa na pa kuzungumza kwa siri. Kulikuwa na mke, watoto, na mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja na ugeni wake ukaota mizizi. Basi akaamua mazungumzo yafanyike ndani ya gari la mafunzo lililoegeshwa ubavuni mwa nyumba. Aliiegemeza simu kwenye dashibodi, akafunga mkanda kwa mazoea, akaanza kutafuta.

Mtandaoni washauri walikuwa wengi kama mchanga, karibu wote wamekunja mikono na kutabasamu upande mmoja. Alimchagua wa kwanza kwa kuwa alikuwa na uso wa huruma. Mama huyo alijitokeza kwenye kioo akiwa amezungukwa na mishumaa, na sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba Breki aliongeza sauti ya simu hadi mwisho.

"Fumba macho," alinong'ona mama. "Uko kando ya mto. Jani linaelea. Weka hofu yako juu ya jani."

Breki alifumba macho. Aliuona mto, akaliona jani, akaliweka gari zima juu yake. Alipozinduka, udenda ulikuwa umemfika kidevuni, mama bado ananong'ona, na kwenye kiti cha nyuma mama mkwe alikuwa anakoroma. Aliingia lini, hakuna aliyejua.

"Huyu usimwache, mwanangu," mama mkwe alisema alipoamka. "Mwaka mzima sijalala hivi."

Kwa usingizi, mama yule hakuwa na mfano. Lakini kesho yake Breki alifika tena karibu na bustani na mguu ukakanyaga breki vilevile. Alimwandikia kwa adabu kwamba yeye anahitaji mtu wa kumfanyisha mazoezi. Mama akajibu kwamba haoni ubaya, kila mgonjwa na dawa yake. Mama mkwe ndiye aliyerithi nafasi, na tangu hapo kila baada ya chakula cha mchana alikwenda kulala mtoni.

Mshauri wa pili alikuwa mwanamume mwenye ubao mweupe nyuma yake na kalamu tatu mfukoni. Huyu tiba ya fikra na tabia aliisomea kwelikweli, na hakutaka mtu asahau.

"Hujambo? Kwa asilimia ngapi?"

"Sijambo, mtaalamu. Labda sabini."

"Sabini." Akaandika ubaoni. "Hofu?"

"Nikifika karibu na mzunguko ni tisini. Unajua, siku moja nilikuwa na mshona viatu—"

"Hadithi baadaye. Kutokwa jasho?"

"Themanini. Lakini huyu mshona viatu—"

"Kumkasirikia mshona viatu?"

Breki akafikiri. "Simkasirikii. Ni mtu mpole sana."

"Basi sifuri." Akaandika sifuri kubwa, akaizungushia duara. Breki alipoliona lile duara, kifua kikambana papo hapo.

Kabla ya kuagana, mtaalamu alimtaka aende mzungukoni jioni ileile, magari yakiwa yamefurika, aingie peke yake na asitoke mpaka hofu ishuke hadi ishirini.

"Hatuanzi na kitu kidogo?"

"Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Breki alikwenda. Alifika hadi kwenye duka la vioo, hatua chache kabla ya mzunguko, akageuza, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya kiwanda cha magodoro, amelowa kama aliyenyeshewa. Kwa siku kadhaa mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga breki hata mezani. Mkewe alimwangalia akikanyaga sakafu kila mama mkwe alipofungua mdomo.

"Baba watoto, huyo mtu hakufai," mke alisema.

"Ana vyeti vyote. Nimevikagua."

"Vyeti ni vyake. Wewe umemwambia kwamba anakwenda mbio kuliko wewe?"

"Mgonjwa atamwambiaje daktari hivyo?"

"Wanafunzi wako wakiogopa mwendo, huwa hawakuambii?"

Swali hilo lilimwingia. Yeye mwenyewe hakuwahi kumpokea mwanafunzi bila kukaa naye kwanza kwa mazungumzo mafupi, wapimane. Akampigia mtaalamu na kumwambia ukweli. Mtaalamu alikohoa, akakiri kwamba watu wawili wengine waliwahi kumwambia hivyo, akamtakia kila la heri kwa asilimia mia.

Safari hii Breki alijiandaa. Kabla ya kukubaliana chochote na mshauri wa tatu, aliomba dakika chache za kumhoji. Mshauri alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, miwani imekaa upande, nyuma yake rafu ya vitabu na shati linaloning'inia kwenye mlango wa kabati.

"Una leseni?" Breki alianza kwa sauti yake ya kazini.

"Ninayo. Nitakutumia namba uihakikishe mwenyewe kwenye baraza letu la washauri."

"Umewahi kumhudumia mtu mwenye hofu kama yangu?"

"Ya mzunguko, hapana. Ya madaraja, lifti na foleni za benki, ndiyo. Zinafanana kuliko unavyodhani."

"Tutakwendaje?"

"Pole pole, ila hatutasimama. Kila wiki utakuwa na zoezi la kufanya nje ya simu. Baada ya wiki chache tutatazama kama kuna nafuu. Ukiona sikufai, niambie, nami nitakusaidia kumpata mwingine. Sitanuna."

Breki akatafuta kosa, akalikosa. Kisha dada akamwomba asimulie kilichotokea, na akanyamaza. Kwa mara ya kwanza Breki alimfikisha mshona viatu hadi kwenye chafya. Alipomaliza, dada aliuma mdomo, mabega yakamtikisika, akashindwa, akacheka. Breki naye akacheka, na mama mkwe, ambaye alikuwa nyuma akisubiri zamu yake ya mtoni, akacheka kuliko wote.

"Nisamehe," dada alisema akijifuta macho. "Sasa niambie. Ukikaribia pale, wazo gani linakujia?"

"Kwamba nikiingia sitatoka."

"Umekuwa mwalimu miaka mingi. Unawajua madereva wangapi walioingia mle?"

"Maelfu."

"Na wangapi mpaka leo bado wamo?"

Kutoka nyuma mama mkwe akasema, "Mie sijasikia msiba wa namna hiyo."

Hofu haikufa siku hiyo, kwa sababu hofu haisikii hoja kwa kuambiwa mara moja. Dada alimpa ngazi ya kupanda. Kwanza akakae kwenye benchi karibu na mzunguko, atazame tu. Alikaa na mama mkwe, wakila karanga, wakihukumu uendeshaji wa watu. Moyo ulimpiga, ukachoka kupiga, ukatulia wenyewe. Halafu akapite kama abiria, mkewe akiendesha. Alipita amefumba macho, na dada alipopata habari akamrudisha akapite tena akiwa ameyafumbua. Halafu akaendesha mwenyewe asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu.

"Na mguu?" dada aliuliza kwenye simu wiki iliyofuata.

"Mguu upi?"

"Ule unaokanyaga breki. Na ule mkono ulioniambia hauachi kitasa cha mlango. Vyote hivyo vinaiambia akili kwamba kuna hatari. Safari ijayo uviache vikae."

Lililobaki likawa zito kuliko yote. Dada alisema kwamba kutoka salama peke yake hakutoshi, maana wazo litabaki linanong'ona: je, siku ukishindwa kutoka? "Kwa hiyo nenda ukashindwe kwa makusudi. Ipite njia yako ya kutokea. Zunguka tena na tena mpaka uchoke."

Breki alimwomba mkunga aendeshe, kwa kuwa naye alihitaji mazoezi. Mama mkwe alijiweka nyuma bila kualikwa. Waliingia mzungukoni, njia ya sokoni ikapita, ya stendi ikapita, ya hospitali ikapita, na bustani ikawa inawazunguka kama mgeni anayekagua nyumba. Breki alihisi kifua kinaanza kubana. Aliweka mikono juu ya mapaja na kuiacha hapo. Wakapita tena. Wakapita tena. Mahali fulani katika mizunguko ile aligundua kwamba anapiga miayo.

Hapo askari wa usalama barabarani akawasimamisha, akainama dirishani.

"Mmepotea?"

"Hapana, afande," Breki alisema. "Nafanya kazi ya nyumbani."

"Kazi ya nyumbani. Mtu mzima."

"Nimepewa na mshauri wangu. Naogopa mzunguko."

Askari alikitazama kibao cha mafunzo juu ya paa, akamtazama Breki, akakitazama tena kibao. "Na wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye," alisema mkunga. "Na mimi nimezunguka mpaka nakaribia kutapika, afande, kwa hiyo tuache tumalize."

"Anafanya vizuri," mama mkwe akaongeza. "Mwanzo hata benchini alikuwa anatetemeka. Muulize muuza magazeti."

Askari alimtazama muuza magazeti, naye akampungia mkono. Baada ya kufikiri kidogo akasimama wima.

"Zungukeni. Lakini siku mtakayotoka, washeni ishara."

Mkunga alifaulu mtihani wake. Mtahini alimsifu kwa jinsi alivyouzoea mzunguko, akauliza nani alimfundisha. Breki sasa huwapeleka wanafunzi wote pale mapema, waoga wakitangulia. Zipo siku moyo unamdunda bado, hasa mvua ikinyesha, naye anauacha udunde huku akiendelea na somo.

Katika mazungumzo yao ya mwisho dada alimwambia kwamba sasa anaweza kwenda bila yeye. Kisha akasita, akarekebisha miwani.

"Nami nakaribia kuanza kujifunza kuendesha gari."

Breki alikaa wima. "Njoo kwangu. Nitakufundisha bure."

"Haifai. Mshauri na mteja hawachanganyi mambo."

Breki akalikubali hilo. "Basi nisikilize. Usimchukue wa kwanza unayemwona. Kaa naye kwanza mzungumze. Muulize mtakwendaje. Akikuharakisha, mwambie. Na akikunyang'anya usukani kila mara, ondoka, tafuta mwingine, hata kama ni mtu mzuri."

"Nashukuru, mwalimu. Na nikiogopa?"

Mtandao ukakatika kabla hajajibu. Breki alisubiri, kioo kikabaki cheusi. Nje ya dirisha mwanafunzi mpya, fundi wa saa, alikuwa amesimama ameshika leseni yake ya muda kwa mikono miwili. Breki akafungua mkanda, akahamia kiti cha abiria, akampungia aingie.